Meno ya Baba na Nyumba ya Kibanjani

Nina nyumba ya vyumba vitano, yenye vigae sakafuni na tangi la maji la lita elfu tano, na kwa mwaka mzima silali ndani yake zaidi ya siku kumi. Iko mkoani Kagera, kwenye kibanja, shamba la ukoo wetu, katikati ya migomba. Mwanza, ninakofanya kazi na kuishi, nimepanga. Nilipotimiza miaka hamsini nilikuwa nimepanga mara mbili: nyumba niliyolala na jengo nililong'olea watu meno. Nalitaja hili mapema kwa sababu madaktari wa meno wachanga, wale wanaofungua kliniki zao za kwanza, huja kuniuliza wawekeze wapi, na mimi huwajibu kwa sauti ya mtu anayejua.

Ushauri wangu ni mzuri. Nawaambia mfuko wa kliniki na mfuko wa daktari isikutane, na kwamba daktari ajilipe mshahara tarehe ile ile anayomlipa muuguzi wake, hata kama droo nzima ni yake. Nawaambia waweke akiba ya kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, kabla ya akiba ya gari, maana kompresa ikizima saa nne asubuhi, kiti chote cha meno kinabaki kuwa fenicha na wagonjwa wako kwenye benchi wameshika mashavu. Nawaambia habari za hatifungani za serikali, kitu ambacho huwezi kujivunia harusini lakini kinalipa riba kila nusu mwaka bila kelele. Nawaambia malipo ya bima wasiyahesabu kama hela ya kula, kwa kuwa kazi unaifanya leo na pesa unaiona siku umeshasahau sura ya mgonjwa. Wanaandika kwenye simu zao. Yote hayo ni kweli, na yote niliyajua vizuri wakati nafanya kosa langu.

Kliniki yangu ilikuwa Mabatini, ghorofani, juu ya duka la vipodozi. Mwenye jengo alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa, ambaye nilimng'oa gego lililomtesa wiki mbili, na tangu siku hiyo akaniona mtu wa maana. Tulikubaliana kodi kwa mdomo. Kwa miaka kumi na minne hatukuandikiana hata mstari mmoja, na kila Januari alikuwa akipanda ngazi taratibu, anakaa kwenye benchi la wagonjwa, anauliza habari za nyumbani kwetu, halafu anaongeza kodi kidogo kwa aibu. Nilimpenda. Lakini leo nikiona daktari mwenzangu anapanga jengo kwa mtindo ule, namgombeza mpaka anakasirika.

Asiyeifanya kazi hii huenda asielewe kwamba kiti cha meno si kiti. Maji yanaingia kwa chini, hewa ya kompresa inaingia kwa chini, umeme na bomba la maji machafu vyote vinapita sakafuni. Nilivunja sakafu ya yule mzee, nikapitisha mabomba, nikajenga ukuta mnene wa chumba cha eksirei, nikaweka masinki mawili. Kukihamisha kiti cha meno ni kama kuhamisha choo. Kila nilichokifukia mle kilikuwa changu, na hapo hapo hakikuwa changu, lakini mzee alikuwa hai na mimi nilikuwa na mambo mengine ya kujenga.

Mambo hayo yalianzia kwenye msiba wa mama. Mimi ni mtoto wa pekee. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu, ya bati lililokwishageuka rangi ya chai. Siku tunamzika mama ilinyesha mvua ya Kagera, ile isiyo na haraka, na waombolezaji wakabanana chini ya turubai huku matope yakipanda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Baba mdogo wangu akasema, kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichwa, kwamba mwalimu amesomesha binti mpaka akawa daktari na leo ukoo unakaa kwenye matope. Baba alitazama chini. Sikumbuki mahubiri ya siku ile, ila nakumbuka vidole vya baba vilivyokuwa vinachezea kifungo cha koti.

Kwetu mtu aliyepata kazi asipojenga nyumbani, jina lake linatajwa kwenye kila msiba, na misiba haiishi. Lakini hilo linasemwa juu ya watoto wa kiume. Binti hakutarajiwa kujenga kwenye kibanja cha ukoo, kwa sababu kibanja hicho hatakuja kukirithi kama anavyorithi kaka, na mimi hilo ndilo lililonipa nguvu. Nilijenga kwa hasira. Nilitaka baba mdogo apite pale kila asubuhi akienda kanisani na alione dirisha la alumini.

Ilinichukua miaka saba. Kila mwisho wa mwezi, baada ya mishahara na kodi na dawa, kilichobaki kilipanda basi kwenda Kagera. Katika daftari langu nilikiandika chini ya neno Uwekezaji, nikalipigia mstari mwekundu. Nilifika mahali naijua bei ya nondo Bukoba kuliko bei ya dawa ya ganzi ninayochoma kila siku. Jumla yake ilipita milioni mia moja na thelathini. Kwa kila lori la saruji lililoingia baba alinipigia simu akasema, "Asante, mwanangu, umefanya vizuri," na mimi nikatuma la pili. Chuoni tulifundishwa kumuuliza mgonjwa kwanza panauma wapi, ndipo ushike kifaa. Baba sikumuuliza kama anataka nyumba.

Kisha mzee wa dagaa akafariki. Baada ya arobaini mjane wake alikuja kliniki, amejitanda kitenge cha msiba, akakaa kwenye benchi akangoja zamu yake kana kwamba naye ana jino. Nilipomwingiza ndani aliniambia watoto wameamua kuuza jengo wagawane, na kwamba marehemu aliacha neno: daktari aambiwe kabla ya mtu mwingine. Bei ilikuwa milioni mia na themanini. Alinipa miezi mitatu.

"Zikipita hizo, dokta, sitaweza kuwazuia," alisema. "Mie ni mama yao tu."

Alikuwa muungwana kuliko nilivyostahili, mimi niliyekaa miaka kumi na minne bila karatasi. Nilijua hesabu yangu mara moja. Nikipata jengo lile, nitalipa benki kile nilichokuwa nalipa kodi na nyongeza kidogo, na nikizeeka nitakuwa na vyumba vya kupangisha na duka la vipodozi chini yangu. Nikilikosa, nitaacha mabomba, ukuta na wagonjwa wa miaka kumi na minne, nianze upya nikiwa na mgongo ambao tayari ulikuwa unalalamika. Daktari wa meno hulipwa kwa vidole na mgongo wake. Sikuwa na miaka mingine kumi na minne ya kuwapa watu.

Benki nilikutana na binti mmoja wa kitengo cha mikopo, mstaarabu, aliyeandika kila nilichosema. Nilimwonyesha picha za nyumba ya Kagera kwenye simu. Aliisifia sana, akauliza hata fundi wa dari ni nani. Halafu akaomba hati. Nikamweleza kwamba ardhi ni ya ukoo, makaburi ya babu na bibi yako hatua ishirini kutoka dirisha la jikoni, na kwamba hakuna mtu wa nje atakayeuziwa bila ukoo mzima kukaa na kukubali, nao hautakaa. Akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Hiyo ni nyumba ya heshima, dokta," alisema. "Sisi haiwezi kutusaidia."

Wangenikopesha milioni mia na kumi kwa dhamana ya jengo lenyewe la Mabatini, endapo mimi ningeleta sabini. Benki nilikuwa na ishirini na mbili. Nilikuwa na kiwanja kidogo Usagara, karibu na njia panda, nilichokinunua zamani na kukisahau. Nikakiuza kwa haraka kwa milioni kumi na nne, kwa mtu aliyenusa haraka yangu na kuilipia chini ya bei. Pengo likabaki milioni thelathini na nne. Nimewahi kumwambia daktari kijana kwamba utajiri wa mwenye kliniki hupimwa kwa kile anachoweza kukishika mkononi ndani ya mwezi mmoja. Nilijifunza sentensi hiyo kwenye kiti cha wateja cha benki, nikiwa nimebeba picha za nyumba nzuri.

Ilibaki njia moja. Baba alipostaafu alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua kipande cha ardhi kando ya barabara, wakati barabara hiyo ni vumbi na mashimo. Watu walimcheka, nami nikiwamo. Kipande hicho hakikuwa cha ukoo, kilikuwa chake kwa karatasi iliyosainiwa na kugongwa mhuri. Tangu hapo lami ilikuwa imepita, na mfanyabiashara mmoja alikuwa anakitaka kwa milioni arobaini ajenge kituo cha mafuta. Baba alikuwa amenitajia habari hiyo kwenye simu, kama jambo la kuchekesha. Kwa hiyo mwezi wa pili wa ile mitatu niliwasha gari asubuhi, nikakata kulia Usagara, nikaenda kumwomba.

Zamani safari hiyo ilikuwa na foleni ya pantoni, na foleni ilikuwa na faida yake: unashuka, unanunua mahindi, unapanga maneno. Sasa kuna daraja, unavuka ziwa kabla redio haijamaliza tangazo. Nilifika Geita sina sentensi hata moja. Nilifika nyumbani ninayo nusu.

Baba alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake ya zamani. Bado alikuwa analala humo. Ile mpya aliifagia kila Jumamosi, akafungua madirisha hewa ipite, akayafunga. Alisema inangoja wageni. Nilipiga goti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameniwekea mkono begani, kisha akaleta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyofanywa kwetu mgeni akifika hata kama mgeni ni mwanao. Nilichukua punje mbili nikaanza kutafuna. Yeye alichukua moja, akaigeuza geuza, akaitia mfuko wa shati.

Mfuko ule nilikuwa naufahamu miaka mingi. Nilidhani ni ubahili wa mwalimu mstaafu, anaweka moja ya sasa na moja ya baadaye. Hata senene, panzi wa kukaanga, nilizomletea Novemba alizipokea kwa furaha, akala mbili mbele yangu, na nyingine zikaishia kwa watoto wa jirani. Nilisema moyoni kwamba uzee umemfanya kuwa mkarimu.

Kwa heshima yangu tulikulia nyumba mpya, kwenye meza ya watu wanane, tukiwa wawili. Kulikuwa na ndizi na maharage, na jogoo alikuwa amechinjwa. Nilikuwa nangoja amalize kula ndipo niseme, kwa hiyo nilimtazama kuliko kawaida. Aliziponda ndizi kwa mgongo wa kijiko mpaka zikawa uji. Nyama aliiweka mdomoni, akaizungusha, akaifyonza mchuzi, akaitoa kwa vidole viwili na kuificha chini ya ukingo wa sahani. Alifanya hivyo kwa ustadi wa mtu aliyefanya mara nyingi. Wagonjwa wanaokula namna ile nimewaona maelfu, na nikiwaona hotelini huwa nawatambua kutoka meza ya tatu.

Nilinawa mikono. Nikawasha tochi ya simu.

"Baba, fungua mdomo," nilimwambia.

Akafungua, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Juu upande wa kulia magego yote yalikuwa yamekwenda, yamebaki mashina yaliyovunjika chini ya fizi. Kushoto lilisimama moja, linacheza. Chini kulikuwa na meno manne mazima ya mbele na jipu lililokwisha kutoboa na kujifunga na kutoboa tena. Sikuhitaji eksirei. Kinywa cha namna ile hakiharibiki kwa mwaka mmoja. Huchukua kama miaka saba, na hesabu ya miaka saba mimi nilikuwa nayo kwenye daftari, imepigiwa mstari mwekundu.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa na hasira, na sauti yangu ilikuwa ile ninayoitumia kwa wagonjwa waliochelewa. Baba alifunga mdomo, akaufuta kwa leso.

"Si wewe ndiye daktari?" alisema. "Kila ukija tunakula pamoja. Nilidhani umeshaona, ukaamua tujenge kwanza."

Hakuwa analalamika. Alisema kama anayenitajia siku ya mnada. Nimefanyiwa mambo makali zaidi maishani, lakini sijawahi kusikia neno lililoniingia kama lile, na lilisemwa na mtu aliyekuwa ananisogezea bakuli la maharage nile.

Ile nusu sentensi yangu niliimeza. Nisingeweza kumwambia mtu yule, siku ile, kwamba nimekuja kuchukua na kile kipande cha barabarani. Keshokutwa yake nilimpakia kwenye gari, pamoja na mkungu wa ndizi na redio yake, tukarudi Mwanza.

Kazi ya kinywa chake haikuwa ya siku moja. Nilitoa mashina, nikasafisha jipu, nikashona. Alikuwa mgonjwa mzuri, hashiki mkono wa daktari wala hakunji miguu. Baada ya hapo fizi zilihitaji wiki sita kupona kabla ya kutengeneza meno ya bandia, na wiki hizo sita baba alikaa kwangu. Asubuhi tulikwenda wote kliniki. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa na gazeti, akawaambia waliokuja kwa woga kwamba wasiogope, daktari ni mwanawe na mkono wake mwepesi. Mchana alikula uji. Watu wa duka la vipodozi walimzoea, wakawa wanamwamkia yeye kabla yangu.

Katika wiki hizo hizo nilipigiwa simu na benki mara nne, na mara zote nilitoka nje kwenye ngazi kupokea. Niliomba kwa wenzangu wawili wenye kliniki, nikapata ahadi na huruma. Nilifikiria kuuza mashine ya eksirei, halafu nikajicheka, maana ningekuwa nauza ng'ombe ninunue zizi. Jioni tulikaa na baba mezani, ananisimulia habari za redioni, mimi naitikia huku napiga hesabu. Nafasi ya kusema ilikuwepo kila siku, saa nzima, na sikusema. Kila nilipotaka kufungua mdomo niliuona wake.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Nilimpigia mjane kabla hajanipigia yeye, nikamwambia sikuweza. Aliniambia pole, na nilijua ilitoka moyoni. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mwenye fedha taslimu, aliyetaka ghorofa yangu iwe ghala lake. Mjane aliniombea kwake mwezi mmoja wa kuhama. Nilimshukuru, nikarudi ndani nikaziba jino la mwanafunzi, na nililiziba vizuri.

Jumatano iliyofuata fizi za baba zilikuwa tayari. Kutengeneza meno ya bandia huanza kwa kuchukua umbo la kinywa. Unakoroga unga maalumu na maji mpaka unakuwa uji mzito wa rangi ya waridi, unaujaza kwenye kisahani cha chuma chenye umbo la taya, unakiingiza mdomoni na kukikandamiza. Halafu unangoja dakika chache uji ugande. Mgonjwa wakati huo anapumua kwa pua, macho yako darini, na hawezi kusema neno lolote. Muuguzi nilikuwa nimemtuma kwenda kutafuta maboksi.

Baba aliyaona yale ambayo yalishafika, yamepangwa ukutani. Alinyoosha kidole akiwa na kisahani mdomoni, akanitazama. Nami nikaanza kusema. Sijui kama ningesema siku nyingine yoyote. Nadhani nilisema kwa sababu hakuweza kunijibu. Nilimweleza habari za mzee wa dagaa, mjane, milioni mia na themanini, binti wa benki na nyumba ya heshima, kiwanja cha Usagara. Nilisema nikiwa nimeshika taya lake kwa vidole viwili, nikiangalia saa ya ukutani. Uji uliganda muda mrefu kabla sijamaliza, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilimwacha mgonjwa na kisahani mdomoni kupita kiasi.

Nilipokitoa alisukutua, akatema, akajipangusa ndevu.

"Alitaka jibu lini?" aliuliza.

"Ijumaa iliyopita, baba."

"Ilibaki kiasi gani?"

Nikamtajia. Alifumba macho, midomo ikacheza. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili.

"Kile cha barabarani wanatoa arobaini."

"Najua. Siku ile nilikuja kukuomba hicho."

"Ulikuja kuomba," alisema, "ukaona meno."

"Nikaona meno."

Alirudisha kichwa kwenye kiti, mahali pale alipokwisha kupazoea, akatazama dari.

"Ungeomba tu, mwanangu. Meno yangesubiri. Yalikuwa yameshazoea."

Nililia. Nilikuwa nimevaa barakoa na miwani ya kazi, na hiyo ni faida mojawapo ya kazi yetu. Kisha nikakoroga plasta, nikaimimina kwenye lile umbo la waridi kabla halijanywea, kwa kuwa likinywea meno hayatamkaa sawa. Baba akauliza kama maboksi yanatosha, au aongee na kijana wa dukani.

Meno yake yalikuwa kazi ya mwisho kutoka kwenye chumba kile. Alirudi nyumbani nayo, na nikimpigia simu siku hizi nasikia kahawa ikivunjika katikati ya maneno yake. Bado analala nyumba ya zamani. Kipande cha barabarani hakukiuza. Alisema kitangoja, na kwamba safari hii niombe mapema. Baba mdogo wangu hupita mbele ya dirisha la alumini kila Jumapili, na nimeambiwa hageuzi hata shingo.

Kliniki iko Nyegezi sasa, chumba cha chini, mtaa wa pili kutoka stendi ya mabasi. Nina mkataba wa miaka kumi, umesainiwa mbele ya wakili, na hata aina ya bomba imeandikwa. Wagonjwa wengi wa Mabatini hawakunifuata, sikuwalaumu, mtu mwenye jino linalouma haendi mbali. Kiti kilifungwa upya kwa fedha zile zile nilizokuwa nimekusanya kununulia jengo. Nikipiga hesabu, nitakuwa nimerudi pale nilipokuwa nikifika miaka sitini na mbili, mgongo ukikubali.

Lile taya la plasta liko juu ya meza yangu, na meno yake manne. Madaktari wachanga wakija kuomba ushauri hulichukua, wakaligeuza, wakadhani ni la kufundishia. Nawapa yote ninayoyajua, ya mifuko miwili, ya kompresa, ya hatifungani, ya kutojenga unakoweza kujenga tu bila kuweza kuuza, nao wanaandika. Wanapoinuka kuondoka nawauliza swali moja, na hilo hawaliandiki. Nawauliza baba yako, au mama kama baba hayupo, hutafunia upande gani. Hucheka kwanza, halafu wanaacha kucheka, wanatazama simu. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyenijibu.